MTU MMOJA ASIJIFANYE MIA

Uwanja mkubwa wa taifa ulioko Dar es Salaam wabeba jina la mtoto wa Mtwara. Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938. Katika miaka ya 1960 alishika kalamu ya uhariri katika magazeti ya chama, na alipofariki Julai 2020, uwanja ulioanza kujengwa wakati wa uongozi wake ukapewa jina lake. Uwanja huo una viti 60,000. Swali letu leo ni moja tu: katika viti hivyo, cha mfanyakazi wa Mtwara kiko wapi?

Swali hili si la mzaha. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Siku ambazo tiketi iliuzwa dirishani tu, mchukuzi wa bandari ya Mtwara, mvuvi wa Msimbati au mkulima wa Tandahimba aliyetaka kuiona timu yake alilazimika kutoa nauli kwanza, akalala njiani, kisha akafika langoni bila kujua kama atapata nafasi. Alipoikosa, alimkuta mlanguzi pembeni amezikunja tiketi kiganjani, akidai bei maradufu. Basi tiketi ilipoanza kuuzwa kwa simu na kwa kadi, sisi tulifurahi, na hata leo twasema wazi kwamba hayo ni maendeleo. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeko ukingoni mwa Ruvuma alisimama katika foleni moja na mtu wa Kariakoo, wala hakuna aliyemtangulia kwa sababu ya kukaa karibu na lango.

Lakini mlanguzi naye hakulala. Alipoona foleni imehamia ndani ya mitambo, alihama nayo. Wananchi hawana budi kuijua mbinu yake, maana mtu hawezi kujikinga na asilolijua.

Kila chombo kinachoingia katika intaneti, kiwe simu au kompyuta, huonekana kwa anwani yake, kama vile nyumba ijulikanavyo kwa namba yake. Mwuzaji wa tiketi huitazama anwani hiyo, na aghalabu huweka kikomo: tiketi chache tu kwa mnunuzi mmoja. Sasa kuna kitu kiitwacho proksi. Hiyo ni kompyuta ya katikati inayopokea ombi lako na kulipeleka mbele kwa anwani yake yenyewe, hata mwuzaji asikuone wewe, bali amwone huyo wa katikati. Kuiweka si kazi ngumu. Katika simu, mtu huingia kwenye mipangilio ya waifai akaandika anwani ya proksi na namba ya poti yake. Katika kompyuta hufanya vivyo hivyo kwenye mipangilio ya mtandao. Mwenye vyombo kumi akikipa kila kimoja proksi yake, mwuzaji huona watu kumi mbali mbali. Mwenye fedha hukodi anwani kwa maelfu, akaziunganisha na programu ya kununua yenyewe kwa kasi isiyowezekana kwa kidole cha binadamu. Hivyo mtu mmoja, ameketi chumbani kwake, huwa umati.

Tuseme kweli: proksi yenyewe si dhambi. Ofisi na shule hutumia proksi kuongoza na kulinda mitandao yao, na wengine huitumia kuficha siri zao halali. Panga ni lile lile shambani na mkononi mwa jambazi. Tunachokipinga ni mtu mmoja kujifanya mia ili awanyang'anye tisini na tisa haki yao.

Wana-Mtwara hawahitaji kufundishwa ubaya huo, kwa maana wanaujua kwa jina la kangomba. Mwenye fedha alimwendea mkulima wa korosho wakati wa njaa, kabla ya mavuno, akainunua korosho kwa kipimo chake na kwa bei ya kutupa, kisha akangoja msimu aiuze kwa bei halisi. Mtu huyo hakupalilia wala hakuokota hata korosho moja. Alijitia katikati tu. Ndiyo sababu mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzishwa mwaka 2007, na ndiyo sababu kangomba ilipigwa vita vikali katika msimu wa 2018. Mlanguzi wa tiketi wa mtandaoni ni ndugu yake kabisa. Hakucheza mpira, hakujenga uwanja, hakuimba wala hakupiga ngoma. Amejitia katikati ya kabwela na burudani yake, na ananyonya.

Nchi nyingine zimekwisha kuumwa na nyoka huyu. Huko Marekani, mwaka 2010, wanaume wanne wa kampuni ya Wiseguy Tickets walishtakiwa kwa kuunda mtandao wa kompyuta uliojifanya wanunuzi wengi. Walikuwa wamejipatia tiketi zaidi ya milioni moja na nusu, na faida ipatayo dola milioni 25. Desemba 2016 nchi hiyo ilitunga sheria ya kupiga marufuku programu za namna hiyo, nayo Uingereza ikafuata mwaka 2018. Ireland, mwaka 2021, ilikwenda mbele zaidi: ilikataza tiketi za mashindano na maonyesho makubwa kuuzwa tena kwa bei ipitayo ile ya kwanza. Hata hivyo, Novemba 2022, tiketi za mwimbaji Taylor Swift zilipofunguliwa, kampuni ya Ticketmaster ilisema kwamba mitambo yake ilipigwa na maombi bilioni tatu na nusu, yakiwemo ya programu hizo. Sheria peke yake, basi, haitoshi.

Wapo watakaosema: dawa ni rahisi, mwuzaji afunge kila anwani inayonunua mara nyingi. Hapa ndipo tunapoomba wahusika wafikiri sana, maana dawa hiyo itamwua mgonjwa na kumwacha mdudu. Kampuni za simu huwapa wateja wao wengi anwani moja ya pamoja ya kutokea nje. Wanachuo wanaokaa bweni moja hutumia waifai moja. Mitambo ikihesabu anwani, itawaona wafanyakazi mia wa Mtwara, kila mmoja na simu yake na shilingi zake za halali, kuwa ni mtu mmoja mwenye tamaa, na itawafungia mlango. Wakati huo huo mlanguzi mwenye anwani elfu za kukodi atapita akicheka. Kanuni iliyowekwa kumlinda mnyonge itakuwa imemfunga mnyonge.

Kwa hiyo twasema: zisihesabiwe anwani, wahesabiwe watu. Nyenzo tunazo. Laini za simu hapa nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Tiketi na ifungwe kwa mtu aliyeinunua, na idadi yake iwe na kikomo kwa mtu, si kwa chombo. Mgeni atumie pasi yake ya kusafiria. Mwenye dharura aruhusiwe kuirudisha tiketi kwa mwuzaji na kupewa fedha zake, naye mwuzaji aiuze tena kwa bei ile ile. Hapo mlanguzi atabaki na anwani zake elfu bila kitu cha kuuza. Lakini taarifa hizo za watu zitunzwe kwa uaminifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, nasi hatutaki kumfukuza mwizi wa tiketi tukamkaribisha mwizi wa siri.

Tena tusiisingizie mitambo makosa ya wanadamu. Mahali popote ambapo tiketi hufichwa na wauzaji wenyewe, ikatangazwa kwamba zimekwisha ilhali zimo makabatini, hapana proksi inayohusika. Pana uroho tu. Kwa hiyo kila shirika linalouza tiketi za mchezo mkubwa litangaze hadharani: ngapi zimeuzwa kwa wananchi, ngapi zimetengwa kwa wageni na wafadhili. Anayeuza kwa haki hawezi kuogopa hesabu.

Jambo hili lina haraka. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN. Huko Nairobi, baada ya watu kuvunja utaratibu na kuingia kwa nguvu katika uwanja wa Kasarani, shirikisho la Afrika lilipunguza tiketi zikawa 27,000 kwa mchezo wa Kenya na Zambia. Viti vinapopungua, mlanguzi hunenepa. Na mwaka 2027 umepangwa kwa mashindano makubwa zaidi, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo nchi zetu tatu zilikabidhiwa Septemba 2023. Tiketi hizo zitatamaniwa na watu wa dunia nzima, na walanguzi wa dunia nzima watazivizia wakiwa mbali kabisa na mikono ya polisi wetu. Kujenga viwanja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujenga lango la haki.

Twapendekeza zaidi kwamba sehemu ya tiketi za mashindano hayo iwekwe kando kwa ajili ya mikoa ya mbali, iuzwe katika vituo vilivyo wazi, Mtwara mjini ikiwemo, kwa watu wanaofika wenyewe na vitambulisho vyao. Si kila mvuvi ana simu ya kisasa, wala si kila kijiji cha maingilio ya Ruvuma kina mtandao wa kushindana na mashine. Haki inayomfikia mwenye simu ya bei ghali tu bado haijawa haki.

Nanyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, lipo lenu. Kwanza, msinunue kwa mlanguzi. Anaishi kwa sababu tunamlisha, na siku tukimgomea atakula karatasi zake. Pili, chungeni simu zenu. Anwani zile za kukodi hutoka mahali, na mara nyingi hutoka kwa watu wasiojua. Mei 2024 wakuu wa Marekani walitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umezitia mkononi anwani zaidi ya milioni 19 za watu ulimwenguni, wengi wao wakiwa wameweka katika kompyuta zao programu za VPN za bure. Walidhani wamepewa zawadi, kumbe wamepangisha nyumba zao kwa wezi bila hata kupokea kodi. Kijana anayepakua kila kitu cha bure aweza kuwa mlango wa kumnyang'anya baba yake tiketi. Tatu, atakayeombwa na rafiki kuazima jina lake na laini yake ili "kusaidia kununua" akatae. Anayeazima jina lake ameuza nafasi ya mwenzake.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanatazamiwa, nasi twawakaribisha kwa moyo mweupe. Lakini mwenyeji atapona nini ikiwa wenye fedha wamekaa katika viti vya uwanja wenye jina la mtoto wa Lupaso, na watu wa Lupaso wamebanana katika banda umiza wakitazama picha? Uwanja ulijengwa kwa jasho la wote. Mlango wake na ufunguliwe kwa kila mtu kwa zamu yake, mtu mmoja, nafasi moja.