Mikono Yatakiwa, Watoto Hawatakiwi



Siku hizi hakuna basi litokalo Kangemi au Kawangware kuja mjini asubuhi ambalo halina mazungumzo ya kwenda ng'ambo. Mmoja ana dada yake Manchester, wa pili mumewe yuko Toronto, wa tatu amekwisha kumlipa wakala wa mjini na sasa angoja viza ya Dubai. Sisi hatumlaumu mtu. Mfanyakazi ana haki ya kufuata riziki mahali ilipo. Fedha ambazo wenzetu walioko nje walituma Kenya mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na wengi wetu twajua nyumba za Uthiru na Dagoretti ambazo karo na kodi hutoka huko.

Lakini liko jambo moja lisilozungumzwa sana ndani ya basi, na ndilo tutakalo kulisema hapa. Nchi zinazotuita zataka mikono yetu. Jamaa zetu ni habari nyingine. Na kinachotumiwa kutenga mikono na jamaa ni hesabu ya miaka: miaka ya mfanyakazi mwenyewe, na miaka ya mtoto wake. Asiyeijua hesabu hii kabla ya kutia sahihi ataijua akiwa mbali, wakati haitamfaa tena.

Tuanze na mfanyakazi. Katika mpango mkubwa wa Canada wa kuchagua mafundi na wenye elimu, mtu hupewa alama kwa umri wake. Mwenye miaka 20 hadi 29 hupata alama zote. Baada ya hapo alama hupungua mwaka kwa mwaka, na akifika 45 hapati hata moja. Australia yataka kwamba mtu wa viza nyingi za ujuzi awe hajatimiza miaka 45. Ujerumani haimfungii mlango mtu wa 45, lakini akienda kwa mara ya kwanza kufanya kazi ya ujuzi lazima aonyeshe mshahara wa kiwango kilichowekwa, au akiba ya kutosha ya uzeeni. Katika karakana zetu fundi wa miaka 45 ndiye anayewafundisha vijana. Mbele ya fomu hizi huyo huyo huhesabiwa kuwa mzigo unaokaribia.

Sasa mtoto. Uingereza mtoto wa mfanyakazi aliye nje ya nchi hiyo lazima awe chini ya miaka 18 siku ombi lake linapopelekwa. Canada ni chini ya 22, naye awe hajaoa wala hajaolewa; lakini kati ya Agosti 2014 na Oktoba 2017 nchi hiyo hiyo ilikuwa imeshusha umri huo uwe chini ya 19. Marekani ni chini ya 21. Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2022, mzazi anaweza kumdhamini mtoto wa kiume hata miaka 25, lakini kwanza mzazi mwenyewe awe na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Wanachama wenye watoto watatu au wanne watatazama hesabu hizi na kuona mara moja kwamba nyumba moja yaweza kukatwa katikati: wadogo waende, mkubwa abaki.

Twasema hivi kwa kuwa kwetu mtoto hawi mtu wa kujitegemea kwa sababu ametimiza miaka 18. Wengi hutimiza umri huo wakiwa bado Kidato cha Nne, wamevaa sare ya shule, na karo yao yatoka mfukoni mwa mzazi. Sheria ya ng'ambo husema huyo si mtoto tena. Mama yake ajua vingine.

Uingereza yafaa tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiko walikokwenda wengi kutunza wazee na wagonjwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtu anayeingia katika viza ya kazi ya utunzaji haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Waliokuwa ndani ya njia hiyo kabla ya siku ile walibakizwa na haki yao. Kisha tarehe 22 Julai 2025 njia yenyewe ilifungwa kwa watu wapya walioko nje. Siku hiyo hiyo mshahara wa kawaida wa viza ya ujuzi ulipandishwa ukawa pauni 41,700 kwa mwaka, na kazi nyingi zisizohitaji elimu ya digrii zikatolewa. Muuguzi aliyesajiliwa bado aweza kuwachukua watu wake. Mtunzaji ambaye pengine humwogesha na kumlisha mzee yule yule hawezi. Wote wawili wana watoto, ila mmoja ana cheti kikubwa zaidi.

Natufanye hesabu, maana hesabu husema wazi kuliko maneno. Tuseme mama mmoja wa Kangemi, msafishaji wa hoteli mjini, alisomea utunzaji wa wagonjwa akaenda Uingereza Aprili 2024. Amemwachia nyanya yao kijana wa miaka 14 na msichana wa miaka 10. Hawezi kuwachukua. Kwa kanuni aliyoikuta, angengoja miaka 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, yaani hata Aprili 2029. Wakati huo kijana atakuwa na miaka 19, na mlango wake umekwisha kufungwa. Msichana atakuwa na 15. Lakini mwezi wa Mei 2025 Serikali ya huko ilitangaza nia ya kuufanya muda huo kuwa miaka 10 kwa watu wengi. Likiwa hivyo kwake, itakuwa Aprili 2034, na msichana naye atakuwa na miaka 20. Mama huyu hakuvunja sheria yo yote. Alifanya kazi, akalipa kodi, akatuma fedha. Ila watoto walikua.

Tena, hata kama msichana atawahi, na baba yake yu hai hapa Kenya, mama atatakiwa kuthibitisha kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi. Wangapi kati yetu tumeweka karatasi za jambo hilo? Na akitaka kumwita mume mpya baada ya kupata ukaazi, tangu Aprili 2024 kipato kinachotakiwa ni pauni 29,000 kwa mwaka, hali mshahara wa chini wa viza ya mtunzaji uliowekwa Aprili 2025 ni pauni 25,000. Watunga sheria walijua hesabu zote mbili. Na nyanya aliyewalea? Tangu Julai 2012 mzazi mzee hukubaliwa tu ikiwa ahitaji kutunzwa kila siku katika mambo ya mwili wake, na utunzaji huo hauwezi kupatikana hapa hata kwa fedha. Binti atawatunza wazee wa watu. Mama yake mwenyewe atamwona kwenye simu.

Wafanyakazi wa Nairobi wasidhani jambo hili ni geni. Wazee wetu walilijua vizuri. Wakati wa ukoloni mji huu uliwataka wanaume waje kufanya kazi, kipande kifuani, na wake na watoto wabaki rizavu. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilijengwa kwa kipimo cha mtu asiye na mke, na wengine walipewa nafasi ya kitanda tu. Mshahara nao ulipimwa vivyo hivyo. Mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa chini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja tu, ikashauri uhesabiwe kwa mtu pamoja na jamaa yake. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikilipigania neno hilo, na viliendelea kulipigania baadaye. Walisema: mtu akija kazini huja na nyumba yake, hata kama bwana haioni. Neno lile ndilo tunalolisema leo, ila bwana yu mbali zaidi.

Wako watakaotujibu kwamba kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Ni kweli, na Kenya nayo hufanya hivyo. Lakini hapa hatuzungumzi juu ya mgeni aliyebisha hodi usiku. Twazungumza juu ya mtu aliyeitwa, akapimwa afya, akatafutwa kwa sababu kazi yake yahitajika. Mapatano ya kazi yana pande mbili, na upande wa pili waweza kutaja masharti yake. Wengine watasema: afadhali kulala peke yako na mshahara kuliko kulala na watoto wenye njaa. Neno hilo lina uzito, nasi hatutamzuia mtu aliyelipima. Twataka tu alipime kabla ya kwenda, na Serikali yake ilipime pamoja naye.

Kwa Serikali yetu, basi, tuna maneno matatu.

La kwanza, Kenya ilipatana na Uingereza Julai 2021 juu ya wauguzi, na na Ujerumani tarehe 13 Septemba 2024 juu ya wafanyakazi wenye ujuzi. Katika mapatano ya namna hii twataka pawe na kifungu cha jamaa, na kifungu hicho kiseme kwamba umri wa mtoto uhesabiwe tangu siku mzazi alipotia sahihi mkataba wa kazi. Hii si ndoto. Canada huufunga umri wa mtoto siku ombi la mzazi la ukaazi linapopokelewa, hata kama jibu litachelewa. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 2002 ambayo, katika maombi mengi ya jamaa, huondoa katika umri wa mtoto siku ambazo ombi lilikaa likichunguzwa. Kenya ilikubali mwaka 1979 mkataba nambari 143 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ambao huzungumza juu ya kukutanisha jamaa za wafanyakazi wahamiaji, na humtaja mume au mke, watoto wanaotegemea, baba na mama. Uingereza na Ujerumani hazijaukubali. Wajumbe wetu wanapoketi nao mezani, wawakumbushe.

La pili, mapatano hayo yachapishwe kwa Kiswahili, yasomwe na mfanyakazi wa kawaida kabla hajauza ng'ombe wa wazee.

La tatu, karatasi za hapa nyumbani. Mtoto mwenye miaka 17 na miezi 8 hawezi kungoja foleni sawa na mtu anayetaka pasipoti ya matembezi. Ombi la pasipoti au cheti cha kuzaliwa la mtoto anayekaribia kufungiwa na umri lipewe nafasi ya mbele.

Kwa wanachama tunasema hivi. Kabla ya kutia sahihi, muulize wakala, na jibu liwe kwa maandishi:

1. Je, viza hii yaruhusu mume, mke na watoto, au ni ya mtu mmoja?
2. Mtoto huhesabiwa mtoto mpaka miaka mingapi, na umri hupimwa siku gani?
3. Baada ya miaka mingapi naweza kuomba ukaazi, na siku hiyo kila mtoto wangu atakuwa na umri gani?

Swali la tatu ulijibu mwenyewe kwa kalamu, jina la kila mtoto na mwaka.

Hakikisha wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Pata vyeti vya kuzaliwa mapema. Kuzaliwa kusikoandikishwa katika miezi 6 huwa kazi ndefu. Ndoa ya kimila yaweza kuandikishwa tangu Agosti 2017, basi iandikishe, maana ubalozi hautauliza mashahidi wa mahari. Mzazi anayelea peke yake aweke risiti za karo, barua za shule na orodha za M-Pesa. Mtaje kila mtoto katika fomu ya kwanza, hata yule ambaye hutaki azungumzwe: Canada, mtoto asiyetajwa wala kukaguliwa kwa kawaida haitiki tena akiitwa. Na mtu akikuahidi kupunguza miaka ya mtoto katika cheti, mkimbie. Uingereza udanganyifu waweza kumfungia mtu miaka 10.

Aliyekwisha kufika huko na ajiunge na chama. Uingereza wako UNISON, Ujerumani wako ver.di, nao wana wanachama wahamiaji kama sisi. Hakuna kanuni ya umri iliyoshuka kutoka mbinguni: Canada ilishusha ya kwake mwaka 2014, ikairudisha mwaka 2017. Iliyobadilishwa mara moja yaweza kubadilishwa tena, lakini haibadiliki kwa mtu mmoja kulia peke yake chumbani.

Katika mkutano wa tawi ujao jambo hili litawekwa mbele ya wanachama, ili barua ipelekwe kwa Waziri wa Kazi kwa jina letu sote. Njooni na maswali yenu, na wenye jamaa ng'ambo waje na karatasi zao. Mwenye mtoto wa miaka 16 au 17 asingoje mkutano. Aje afisini wiki hii.