Tusifunike Kombe Juu ya Machozi ya Wazee



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili nimekusudia kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua, lakini tumezoea kulinong'ona. Jioni moja mama mmoja, muuguzi kwa taaluma, alifika ofisini kwangu. Hakuja kuungama; lau angekuja kuungama, msingelisikia neno hili kutoka kinywani mwangu. Alikuja kuomba ushauri, na baadaye akaniruhusu niyaseme haya bila kumtaja. Mahali anapohudumia wazee, mwenzake wa zamu ya usiku alikuwa na desturi ya kumfunga kitandani kwa shuka mzee mmoja aliyepoteza kumbukumbu, ili yeye mwenyewe apate usingizi. Asubuhi mikono ya mzee ilikuwa imevimba, na katika daftari la zamu ilikuwa imeandikwa kwamba mgonjwa amelala vizuri.

Mama yule aliniuliza: "Baba Paroko, nikisema, si nitakuwa nimemsengenya mwenzangu?"

Swali hilo lilinihuzunisha kuliko kisa chenyewe, kwa maana najua lilikotoka. Limetoka kwetu. Ni sisi tulioihubiri dhambi ya kusengenya, mimbarini na katika jumuiya ndogo ndogo, pasipo kuieleza, hata mtenda maovu akapata mahali pa kujificha nyuma ya amri ya nane.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba anayekosa ni yule anayefichua kasoro za mwenzake kwa watu wasiozijua, bila sababu ya haki. Lishikeni sharti hilo la mwisho. Mikono iliyovimba ya mzee asiyeweza kujitetea ni sababu ya haki. Anayelipeleka jambo hilo kisimani anasengenya. Anayelipeleka kwa mwenye mamlaka ya kulikomesha anatimiza wajibu. Na Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, hakuishia kwenye maonyo ya faragha. Ndugu asiposikia, tumeagizwa tuwaite mashahidi, na hatimaye jambo lifike mbele ya Kanisa.

Wengine hujitetea kwa methali: funika kombe mwanaharamu apite. Nawauliza, mwanaharamu huyo anapita wapi, iwapo kesho usiku ndiye mwenye zamu? Wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine hutaja kiapo cha siri. Ndugu wauguzi, siri mliyoapa kuitunza ni mali ya mgonjwa. Imewekwa ili kulinda heshima yake, wala haikuwekwa kumlinda anayemtesa. Kumnyima mgonjwa haki yake kwa jina la siri yake mwenyewe ni kumwibia mara mbili.

Tena wapo wasemao kwamba wauguzi ni wachache na wamechoka. Ni kweli, nami nimewaona wakihangaika peke yao katika wodi iliyojaa. Lakini uchovu unaeleza kosa, hauligeuzi kuwa haki. Hata uhaba huo wenyewe wapaswa kutolewa taarifa, kwa maandishi, kwa wenye dhamana.

Matunda ya ukimya yanajulikana duniani. Katika mji wa Gosport, Uingereza, mwaka 1991 wauguzi wa zamu ya usiku walieleza hofu yao juu ya dawa kali za maumivu zilizokuwa zikitolewa kwa wagonjwa, wengi wao wazee, hata pale zisipohitajika. Walionekana wachochezi, wakanyamazishwa. Mwaka 2018 jopo huru lililoongozwa na Askofu wa Kianglikana James Jones lilitoa ripoti yake: watu 456 walifupishiwa maisha katika hospitali ile kati ya mwaka 1989 na 2000. Kama wauguzi wale wangesikilizwa mapema, ni wangapi wangeokoka?

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Hapa nyanda za kati tunayo makazi ya wazee wasiojiweza, kama yale ya Sukamahela wilayani Manyoni. Nayataja si kwa kuyashutumu, bali mkumbuke kwamba mzee asiye na mtoto wa kumtembelea hana shahidi mwingine ila muuguzi wa zamu. Huyo akinyamaza, ni nani atakayesema?

Nchi yetu haikukosa sheria. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inalipa Baraza mamlaka ya kumwajibisha muuguzi anayekiuka maadili. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayefichua uovu kwa nia njema. Lakini sheria haikeshi wodini. Anayekesha ni mtu mwenye dhamiri.

Wala sisi makleri tusijione wasafi. Kanisa lilijifunza kwa aibu kubwa gharama ya kufunika kombe, hata mwaka 2019 hayati Papa Fransisko akatoa waraka Vos estis lux mundi, unaowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa kijinsia, na unaokataza kumwadhibu aliyetoa taarifa.

Mama yule aliandika barua. Aliandika tarehe, saa, na yale aliyoyaona kwa macho yake, bila chuki na bila kuongeza chumvi, akaipeleka kwa mkubwa wake wa kazi. Juma lililofuata alihamishiwa idara nyingine. Mwenzake angali kwenye zamu ile ile.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wasimamizi mnaopokea Komunyo hapa kila Dominika: anayekuletea habari ya namna hiyo si adui wa taasisi yako. Ukimhamisha yeye na kumwacha mtesaji, umelifunga shuka lile kwa mikono yako mwenyewe. Katika sala ya Nakuungamia tunakiri pia dhambi ya kutotimiza wajibu. Dominika ijayo, tukifika hapo na kujipiga kifua, tumkumbuke mzee yule, kisha Jumatatu tufanye lile tuliloliacha.

Mama yule hataandika barua ya pili peke yake. Nitakwenda naye.

Ni mimi Paroko wenu.