Unanunua Mdundo, Unabania Waya

Wasee wa South Coast, leo naongea na nyinyi wenye pikapu, na nyinyi ambao pikapu ni ya mzee lakini wikendi funguo ziko mfukoni mwenu. Nitasema jambo moja na najua kuna watakaoninunia: hii midundo tunayoringiana nayo hapa Mwabungo, mingi ni moto unaosubiri siku yake. Pesa yote imeenda kwenye kile watu wanachokiona na kukisikia. Waya na fyuzi, vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha, vimenunuliwa na chenji iliyobaki. Kama vimenunuliwa.

Tuanze na gari lenyewe. Pikapu hapa kwetu ni jembe. Asubuhi imebeba nazi, mchana mawe ya kujengea, jioni mitungi ya maji, na ikifika wikendi ndiyo inayopeleka masufuria ya pilau harusini. Kuna nyumba hapa kijijini ambazo karo, unga na dawa ya nyanya vyote vinatoka kwenye gari hilo moja. Sasa niulize: bima yake ni ipi? Wengi wana ile ya lazima kisheria tu, ya mtu wa tatu, ya Sura ya 405. Hiyo inamlipa uliyemgonga. Pikapu yako ikiungua pale kando ya barabara ya Lunga Lunga, hailipi hata kioo. Utabaki na mabati meusi na mzee anakuangalia bila kusema kitu, na hiyo mazee ni mbaya kuliko matusi.

Kwa hivo tusidanganyane ati haya ni mambo ya starehe tu. Ni mambo ya riziki.

Uongo wa kwanza uko kwenye boksi. Amplifaya imeandikwa "3000 WATTS" kwa herufi za dhahabu, na wewe umeshalipia hizo herufi. Nakupa hesabu ya kumtega muuzaji yeyote, awe wa Ukunda, Mombasa au Luthuli Avenue kule Nairobi. Geuza amplifaya, angalia ubavuni pale waya zinapoingia. Zile fyuzi ndogo za rangi, soma namba zake. Tuseme ziko mbili, kila moja 30. Jumla ni ampea 60. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni kama volti 14. Zidisha 60 kwa 14, unapata wati 840. Hizo ndizo zinazoingia, na bado hazijatoka. Amplifaya yenyewe inakula sehemu kwa joto: zile za daraja AB hupoteza karibu nusu, zile za daraja D ni nafuu, zinatoa kama asilimia 80. Kwa hivo zitakazofika kwenye wufa mfululizo ni kati ya 420 na 670. Hizo 3000 ziko wapi? Ziko kwenye rangi ya boksi.

Usiniambie hii ni hesabu ya chuo. Chuo mimi niliacha na maisha yanaenda. Hii ni fizikia ya Form Three, pale tulipofundishwa sheria ya Ohm na joto linaloletwa na umeme ukipita kwenye waya. Tuliikariri kwa mtihani tukaitupa, na sasa inatudai.

Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, wati za kweli za kupiga saa nzima bila kuchoka. Neno "MAX" ni la kukuvutia uingie dukani.

Sasa tuje kwenye waya, manake hapa ndipo damu yangu inachemka. Chukua amplifaya nzuri ya daraja D, wati 500 za kweli. Ukiifungulia mpaka mwisho inavuta ampea 45 hivi. Kutoka kwa betri chini ya boneti hadi nyuma ya kiti ni kama mita 5 za waya ukifuata kona zote. Kuna watu wanafunga kwa waya wa nyumba, ule wa milimita 2.5 wa kuwekea soketi ukutani. Kwa mita hizo 5, waya huo unapoteza karibu volti moja na nusu njiani, na unageuza wati kama 70 kuwa joto. Wati 70 ni zaidi ya chuma cha kulehemu cha fundi redio. Wewe umekilaza chini ya zulia, juu yake umeweka karatasi na matambara, umekalia, unaitikia wimbo kwa kichwa.

Waya mzito wa shaba wa milimita mraba 21, ule mafundi huuita namba nne, kwa safari ileile na mzigo uleule unapoteza hata si robo ya volti. Joto lake ni wati 8 hivi. Hata mdundo unabadilika, manake amplifaya inakula shibe yake. Wangapi mnalia wufa haipigi vizuri, mnataka kununua kubwa zaidi, na kumbe iliyopo inakufa njaa?

Halafu kuna huu ujanja mwingine. Waya unaonekana mnene, plastiki ina rangi kali, bei rahisi, umefurahi. Ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua na wembe: ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba, ikigeuka nyeupe umeuziwa alumini. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hivo unene uleule haubebi mzigo uleule. Na usisahau tunaishi wapi. Hii hewa ya Galu na Kinondo ina chumvi inayokula hata bawaba za mlango. Waya wa aina hiyo ukiuacha wazi kwenye kiungo, chumvi itaumaliza kabla hujachoka na playlist yako.

Sasa fyuzi. Hapa ndipo naomba unisikilize hata kama mengine yote umeyapuuza.

Watu wanasema, "Lakini amplifaya ina fyuzi zake." Ndiyo, na zile zinalinda amplifaya. Nani analinda zile mita 5 za waya kutoka kwa betri? Waya huo unapita kwenye tundu la bati kati ya injini na kebini. Bati la tundu ni kali kama kisu. Barabara zetu za ndani mnazijua, gari linatetemeka kutwa. Kama hukuweka mpira kwenye lile tundu, bati linasugua plastiki pole pole, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka siku shaba inagusa bodi. Betri ile inayozungusha stata ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea kwa mpigo. Zote zitapita kwenye huo waya. Hautakupa nafasi ya kutafuta spana. Plastiki inayeyuka, zulia linashika, na hata ukizima switchi haisaidii, manake waya umetoka kwa betri moja kwa moja.

Dawa yake ni fyuzi kubwa karibu na betri, ndani ya nusu mita, ikiwa kwenye kikopo chake kisichoingia maji. Na saizi yake inafuata waya, haifuati ubishi wako. Ikikatika, tafuta sababu. Usiifunge na karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Kitu chenyewe hakina bei ya kutisha. Umelipia stika, umelipia taa za bluu chini ya kiti, hii ndiyo unaona ghali?

Na earthi jamani. Kukaza waya mweusi kwenye skrubu ya kiti yenye rangi na kutu ni kujidanganya. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti, waya uwe mfupi na mnene kama ule wa chanya, halafu paka grisi chumvi isiingie. Ule mlio wa "wiiii" unaopanda na injini, mara nyingi hapo ndipo pa kuanza kutafuta, au kwa sababu nyaya za sauti zimelazwa pamoja na waya wa betri. Zipitishe upande mwingine wa gari.

Tumalizie na ukubwa. Pikapu ya kebini moja ina nafasi ndogo, na mnaiona kama kasoro. Mimi nasema ni bahati. Chumba kidogo kilichofungwa kinaupandisha mdundo chenyewe. Wufa moja ya inchi 10, nyembamba, kwenye boksi lililozibwa la lita 20 hivi nyuma ya kiti (soma karatasi ya wufa yako, kila moja ina kipimo chake), itakutikisa kifua bila kumwamsha bibi wa nyumba ya tatu. Wewe unachukua mbili za inchi 15, unaziweka nyuma kwenye bodi ya wazi, mvua yao, vumbi lao, na ule mdundo wote unapeperuka kwenda baharini. Kisha unashangaa hausikii kitu ndani, unaongeza amplifaya, alteneta ya hilo gari la kazi haifiki hata ampea 100, taa zinapepesa kila ngoma inapogonga, asubuhi tunaitwa kusukuma.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Yangu ina miaka miwili na haijaungua." Sawa. Na bati lina miaka miwili likisugua. La pili: "Pesa hakuna." Hilo naliheshimu, hali ni ngumu na kila mtu anajua. Lakini kama pesa ni kidogo, punguza amplifaya, usipunguze waya. Wati 200 za kweli zilizofungwa vizuri zinashinda 3000 za boksi kila siku ya wiki. Anza kidogo, ongeza baadaye. La tatu ni la wazee: "Zitoeni hizo kelele zote." Hapana, shikamooni, lakini hapana. Hapa ni Udigoni, kwa watu wa sengenya, ngoma hatukuletewa na gari. Kanuni za kelele za 2009 zipo na usiku watu walale, hapo niko upande wenu. Kijana kupenda sauti nzuri kwenye gari analolifanyia kazi si kosa.

Na kuna mtu tunamsahau: fundi. Anakuambia, "Hapa panataka shaba mita tano, fyuzi, na mpira wa tundu." Wewe unamjibu, "Fundi, wacha mambo mengi, tumia hii." Umemlipa muuza boksi bila kubisha hata shilingi, kisha unakuja kumkaba mtu wa kazi. Ukimkata bei mpaka mfupa, unadhani atakata wapi? Atakata kwenye waya. Siku moshi ukitoka utasema fundi ni mbovu, na wewe ndiye uliyechagua. Mtu anayejua umeme wa gari awe na cheti cha NITA au awe amejifunzia chini ya mwembe, amekuambia jambo linaloweza kuokoa gari la baba yako. Mlipe. Na kama fundi wako mwenyewe ndiye anayesema fyuzi si lazima, mkimbie.

Siasa za 2027 zinakuja. Pikapu zenye sauti zitakodiwa, pesa itazunguka kuanzia Ukunda mpaka Msambweni, na kila mtu atataka kufunga haraka haraka apate kazi. Magari yatapiga kutwa nzima, boneti juani, waya zikiwa na mzigo wa mwisho. Hapo ndipo waya wa soketi utakapotoa siri zake, gari likiwa limejaa watu nyuma.

Kwa hivo kesho asubuhi, kabla hujawasha redio, fungua boneti. Shika ule waya mwekundu kwenye chanya ya betri na uufuate kwa mkono. Kama nusu mita imepita na hujakutana na fyuzi, toa waya huo kwenye betri sai, uufunge ncha yake kwa tepu, na uende kazini bila muziki. Nazi hazihitaji wufa kufika sokoni. Ukishaweka fyuzi na waya wa maana, rudi, fungua vioo, tupigie ngoma.