Kijana Naye Ajitawale

Kila mwalimu aliyewahi kushika chaki anamjua mtoto huyu. Akiulizwa swali kwa mdomo hujibu upesi na kwa akili, lakini daftari lake halisomeki. Kufunga kamba za viatu humshinda, kikombe humponyoka, na katika mchezo wa mpira mguu wake hufika mahali ambapo mpira umekwisha kuondoka. Wenzake humcheka. Mwalimu humwita mzembe. Mama yake, kwa kuchoka au kwa huruma, humvika, humpakulia na kumfulia, hata miaka ikapita na mtoto akawa kijana asiyeweza kuchemsha chai yake mwenyewe.

Sisi twasema kwamba mtoto wa namna hii asihukumiwe kuwa mzembe wala mjinga kabla hajachunguzwa. Yumkini ana hali ambayo wataalamu huiita dispraksia. Kasoro yake haimo katika misuli, wala haimo katika akili. Imo katika namna ubongo unavyopanga na kuongoza mwendo wa viungo. Jambo ambalo mtu mwingine hulitenda bila kufikiri, kama kumimina chai au kufunga kifungo, yeye hana budi kulifikiria hatua kwa hatua. Ndiyo maana huchoka mapema: kazi iliyo moja kwa wenzake, kwake ni kazi mbili.

Wala jambo hili si la nadra. Makisio yanayokubaliwa na wataalamu wa nchi nyingi ni kwamba watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi wana hali hii. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 50 laweza kuwa na wawili au watatu. Na wengi wao huingia nayo katika utu uzima. Daniel Radcliffe, mchezaji wa filamu wa Uingereza ambaye jina lake limeenea dunia nzima, alieleza hadharani mwaka 2008 kwamba anayo, na kwamba kufunga kamba za viatu humpa taabu. Kama kamba za viatu zingekuwa ndizo kipimo cha akili na juhudi, mtu huyo asingejulikana nje ya mtaa wake.

Watoto hawa hupatwa na maonevu mawili. La kwanza ni fimbo. Fimbo haijawahi kuufundisha mkono kazi ambayo ubongo haujaipanga. Huongeza hofu tu, na hofu huufanya mkono utetemeke zaidi. La pili ni huruma isiyo na busara, ile ya kumfanyia mtoto kila kitu. Fimbo watu huiona wakaikemea, lakini huruma hii husifiwa, nayo ndiyo hudumu. Mzazi hatakuwapo siku zote. Siku atakapoondoka, nani atampikia mtu mzima wa miaka 40 ambaye hakuruhusiwa hata siku moja kushika mwiko?

Labda msomaji atasema: "Ikiwa viungo havimtii, kujitegemea kwake kutatoka wapi?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Wengi wetu tumedhani kwamba kujitegemea ni kutenda kila jambo kwa mikono yako miwili bila msaada wa mtu. Lakini hakuna binadamu aishiye hivyo. Mkulima humtegemea mhunzi kwa jembe, na mhunzi humtegemea mkulima kwa unga. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kujitegemea ni kujitawala: mtu mwenyewe aamue atalala wapi, atakula nini, atafanya kazi gani, na atasaidiwa na nani kwa jambo gani.

Maana hiyo ilipiganiwa na walemavu wenyewe. Huko Marekani alikuwako kijana Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na umri wa miaka 14, hata usiku akawa hulala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, na mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha kituo cha kuwawezesha walemavu kuishi maisha yao kwa amri yao wenyewe. Mikono yake haikuweza kumvika shati, lakini aliyeamua ni shati lipi alikuwa yeye. Mwaka 1975 akateuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ile ile ya jimbo iliyokuwa imesema hapo awali kwamba hataweza kuajiriwa kamwe.

Mawazo ya watu wa namna hiyo ndiyo yaliyoingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Ibara yake ya 19 inatamka haki ya kuishi kwa kujitegemea na kuwa miongoni mwa jamii. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009. Basi si fadhila tunayoombwa. Ni ahadi tuliyokwisha kuiweka.

Sasa yatupasa kutenda nini? Tuanze nyumbani. Wataalamu wawili wa Canada, Helene Polatajko na Angela Mandich, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 2004 njia ambayo mzazi yeyote aweza kuielewa. Kijana achague mwenyewe jambo analotaka kuliweza. Apange jinsi atakavyolitenda. Alitende. Kisha akague: limefaulu, na kama halikufaulu, ni kwa sababu gani? Tuseme amechagua kuchemsha chai, nayo ikamwagika. Mzazi asimnyang'anye sufuria. Amwulize, "Imemwagika wapi?" Kijana ataona kwamba aliijaza mno, au kwamba alimimina akiwa amesimama. Kesho ataijaza nusu, ataweka vikombe chini kwenye sinia, naye ataketi. Jibu alilolivumbua mwenyewe halitamtoka.

Yapo na mambo madogo yasiyo na gharama kubwa. Kitambaa kibichi chini ya bakuli huzuia bakuli kuteleza. Sufuria yenye masikio mawili ni salama kuliko yenye mpini mmoja. Viatu visivyo na kamba ni viatu. Orodha ya kazi za asubuhi ibandikwe ukutani, na simu ilie saa ya kutoka. Njia ya kwenda kazini na kituo cha daladala cha kushukia vifanyiwe mazoezi siku ya mapumziko, wakati hakuna msongamano wala haraka.

Shuleni, mwalimu apime kile anachokifundisha. Ikiwa somo ni historia, hati mbaya isimnyime mtoto alama za historia. Apewe muda zaidi, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na penye kompyuta afundishwe kupiga chapa. Mtoto aliye na dalili hizi apelekwe hospitali akaonwe na watoa tiba kwa vitendo. Wataalamu hao hufundishwa hapa hapa nchini, huko KCMC, Moshi. Ni wachache kwa mahitaji yetu, na hapana budi Serikali isomeshe na kuajiri wengine, na kuwafikisha wilayani.

Kadhalika twawakumbusha wakubwa wa kazi na halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania Bara humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 katika hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ni mambo mema. Lakini tusitafute ulemavu kwa macho tu, tukamkubali mwenye gongo na kumfukuza mlangoni yule ambaye shida yake haionekani mpaka umwone akijaza fomu.

Hujafa hujaumbika, walisema wazee, na neno hilo hutumika sana kwa kuwaonya wanaocheka. Sisi twalitumia leo kwa kuwaonya wanaohurumia. Kijana mwenye dispraksia hatuombi tumwinue mabegani. Atuombayo ni muda, mafundisho, na ruhusa ya kumwaga chai mara tatu ili mara ya nne ainywe akiwa nyumbani mwake, kwa funguo zake, na kwa fedha yake. Mzazi aliye na mtoto kama huyu na amwachie mwiko leo jioni.