Pamba haiwezi kulipa mafuta ya pampu: kamata mvua kwanza

Leo sina habari ya dawa wala mbegu. Nataka tuongee hela, maana naona kosa moja linarudi kila msimu na mara hii na mimi nimo ndani yake.

Msimu uliopita kijana mmoja alikuja ofisini akitokea machimbo ya upande wa Geita. Duara lao lilikuwa limetoa, akagawiwa chake, na badala ya kuinywa akaamua kulima. Akaniambia, "Bwana shamba, nimechoka kuangalia mawingu. Nataka pamba ya kumwagilia, kama wanavyofanya nje." Nikafurahi. Nikamwelekeza pampu ya kununua, mipira, hata nafasi ya kupandia. Kitu kimoja sikumfanyia: sikukaa naye chini tukapiga hesabu. Alivuna vizuri kuliko majirani zake wote, akapeleka AMCOS, akalipwa, na alipotoa mafuta na vibarua akabaki na hela isiyofika hata ya pampu. Sasa kuna wengine watatu wanataka kufuata njia ile ile. Ndiyo maana naandika.

Kamata kalamu. Bei nitakazotumia ni za kukokotolea tu. Toa zangu, weka za kwenu.

Ekari moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kwa hiyo kila milimita moja ya maji kwenye ekari ni lita 4,000. Ukitaka kulowesha vizuri kwa milimita 50, unahitaji lita 200,000 zifike kwenye mizizi. Lakini ukipitisha maji kwenye mifereji ya udongo, mengine yanazama njiani na mengine yanakauka. Ili zifike hizo 200,000, pampu itasukuma kama lita 330,000. Pampu ya petroli ya inchi tatu, ukishaweka mpira mrefu na kilima kidogo, tuseme inatoa lita 25,000 kwa saa. Hapo ni saa 13. Ikila lita 1.3 kwa saa, ni lita 17 za mafuta. Kwa shilingi 3,000 ni 51,000. Weka vibarua wawili kwa siku mbili, 6,000 kila mmoja kwa siku, ni 24,000. Jumla: shilingi 75,000 kumwagilia ekari moja mara moja.

Sasa igeuze iwe pamba. Kwa bei ya shilingi 1,150 kwa kilo, hizo 75,000 ni kilo 65. Yaani kila unapowasha pampu, ekari ile inakudai kilo 65 zaidi ya ambazo ungepata bila kuwasha.

Pamba yote kwa ujumla, tangu kuota hadi kukomaa, inahitaji maji kuanzia milimita 700 na kuendelea. Ukisema uilime kiangazi kwa pampu tupu, ni kumwagilia mara 14. Hiyo ni shilingi 1,050,000, sawa na kilo 913 kwa ekari, kabla hujalipa mbegu, dawa, palizi na kuvuna. Wengi wetu huku tunazungukia kilo 300 kwa ekari. Unaona mwenyewe.

Na hata kama una hela ya kuchezea, pamba ya kiangazi ina tatizo jingine. Masalia yote yanatakiwa yawe yameng'olewa na kuchomwa ifikapo Septemba 15, ili funza wasipate pa kujificha mpaka msimu mwingine. Ukipanda Juni, Septemba pamba yako ndiyo kwanza ina vitumba. Unafuga funza wa kijiji kizima. Majirani hawatakuelewa, na watakuwa na haki.

"Basi mipira ya matone, bwana shamba, haipotezi maji." Kweli, haipotezi. Lakini tuseme vifaa vya ekari moja ni shilingi 3,000,000 na vinadumu miaka mitano. Ni 600,000 kwa mwaka, sawa na kilo 522 za pamba, na hapo maji hayajafika shambani. Sola nayo inaondoa mafuta lakini inaleta deni mwanzoni. Zao la kulipa vifaa hivyo ni lile linalovunwa mara mbili kwa mwaka na ambalo bei yake unaweza kuivizia: nyanya, vitunguu, tikiti. Pamba unavuna mara moja, na bei yake inafuata soko la dunia. Mnunuzi hajali kama uliinyeshea kwa petroli au kwa dua.

Wanaonitajia nchi za nje nawajibu hivi. Angalia Gezira kule Sudan. Mradi ule ulianza 1925 baada ya kujengwa bwawa la Sennar, na maji yanateremka yenyewe kwenye mifereji. Mkulima wa kule hakuanza kwa kununua petroli. Na kule mvua ni haba, sisi tunayo. Kinachotusumbua ni kwamba inakuja kwa fujo, inakimbia, halafu inakata Januari au Februari, pamba iliyopandwa vizuri kati ya Novemba na katikati ya Desemba ikiwa ndiyo inatoa maua.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mvua ya milimita 40 ikipiga ekari yako, umepewa lita 160,000 bure. Kama udongo umeshika ganda na nusu ikakimbilia korongoni, umepoteza lita 80,000. Mvua tatu za namna hiyo ni lita 240,000, zaidi ya zile 200,000 ulizotaka kuzinunua kwa shilingi 75,000. Unaachia maji ya bure yaende, halafu unayafuata mtoni na dumu la petroli.

Dawa yake wazee wanaijua: matuta yaliyofungwa. Unainua matuta kwa kukata mteremko, halafu katikati ya tuta na tuta unaweka vizuizi vya udongo kila baada ya hatua chache, yanabaki visanduku vinavyoshika mvua mpaka izame. Kituo cha Ukiriguru pale Misungwi kiliifanyia kazi njia hii tangu enzi za mkoloni. Najua kwa nini wengi hawaipendi. Miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma walilazimishwa kwa sheria ndogo, asiyefunga matuta anapigwa faini. Kitu ulichochapiwa babu yako hukipendi. Lakini maji hayajui siasa, yakizuiwa, yanazama.

Gharama yake? Ukiinua matuta kwa ng'ombe wakati wa palizi ya kwanza, kufunga kwa jembe la mkono tuseme ni 40,000 kwa ekari. Ni kilo 35. Nusu tu ya kuwasha pampu mara moja, na inafanya kazi msimu mzima.

Sitaki nikudanganye, ina masharti. Inafaa luseni na udongo mwepesi wa mteremko. Kwenye mbuga usifunge, maji yatasimama na pamba itageuka njano. Huko weka mpunga kwenye majaruba. Pia vibarua: ukiwa karibu na Nyarugusu au popote penye rashi, Januari vijana wote wako kwenye maduara. Panga nao mapema, au fungeni kwa zamu, leo kwako kesho kwangu.

Je, pampu haina kazi kabisa? Inayo. Kama tayari unayo kwa ajili ya bustani, na pamba imetoa maua, na wiki mbili tatu zimepita bila mvua, iwashe mara moja, ikizidi sana mara mbili. Kitumba kinachodondoka wakati huo hakirudi. Lakini fanya hivyo kwenye shamba lililopandwa mapema, lenye samadi na lililopigwa dawa kwa wakati. Ukimwagilia shamba lenye funza, umenywesha funza.

Na kabla hujatumbukiza mpira popote, uliza maji ni ya nani na yana nini. Ya bomba linalotoka Ihelele kuja Kahama na Shinyanga yamesafishwa kwa ajili ya kunywa, hayo sahau. Ya mto yanahitaji kibali cha bonde. Na mashimo ya zamani yaliyo karibu na makarasha na mialo yaogope: kuna zebaki, na penye sianidi ndiyo usiguse. Usiseme pamba hailiwi. Mbegu yake inakamuliwa mafuta, na mashudu wanakula ng'ombe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hela ya pampu ifuate bustani, pamba ifuate mvua iliyokamatwa. Yule kijana nimemrudia. Tumehamishia pampu kwenye ekari moja ya nyanya na vitunguu, maana machimboni watu wanakula kila siku, na pamba tumekubaliana iende kwenye matuta yaliyofungwa. Bado ananidai hesabu niliyopaswa kumpigia mwanzoni, na ana haki.

Wewe usisubiri kunidai. Njoo na daftari kabla hujaenda dukani.