Kopo la Fundi Saa wa Ngamiani

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Ngamiani, Tanga, saa ya mkono ya marehemu baba yangu. Ni Seiko 5, imelala kabatini tangu tulipomzika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeipeleka katika duka moja la Dar es Salaam, lenye kiyoyozi na vioo vitupu, ambako kijana aliitazama kidogo akaniambia haina vipuri, ninunue nyingine. Simlaumu. Amefunzwa kuuza, hakufunzwa kufungua.

Fundi wa Ngamiani hukaa barazani, katika moja ya zile barabara ambazo watu wa Tanga huzihesabu kwa namba. Meza yake ni ndogo kuliko dawati la mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imesimama au inachelewa?"

Nilisema imesimama. Akaigeuza na kuusoma mgongo kabla ya kuutazama uso. Namba ya kwanza ilikuwa 6119, ambayo ndiyo namba ya mtambo. Namba ya pili ilianza kwa 1 na 3. Alinieleza kwamba tarakimu ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo saa ilitengenezwa Machi, katika mwaka unaoishia na moja. Mwaka upi? Saa haitaji muongo. Lakini mwaka 1961 mtambo wa 6119 ulikuwa haujabuniwa, na kufikia 1981 ulikuwa umekwisha kuachwa. Basi ni 1971. Nakiri kwamba nimesimamia tasnifu ambazo ushahidi wake haukuchambuliwa kwa umakini wa namna hii.

Kisha akanionyesha kidirisha cha siku. Majina ya siku yanaweza kuonekana kwa Kiingereza au kwa Kiarabu, dalili kwamba saa ilikusudiwa soko la Waarabu. Baba, aliyekuwa karani wa reli, alikuwa akisema aliinunua kwa jamaa aliyerudi kutoka Dubai. Sisi watoto tulidhani ni majigambo.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Saa ya aina hii hujijaza kwa mwendo wa mkono: kipande kizito cha nusu duara huzunguka, nacho husukuma kijiti chenye makucha mawili ambacho hukaza kamani. Makucha yalikuwa yamelika, kwa hiyo kipande kilizunguka bure. Fundi akavuta kutoka chini ya meza kopo la maziwa ya unga lililojaa saa zilizokufa, akachambua hadi akapata nyingine yenye namba 6119, akaazima kijiti chake. Mshale wa sekunde nao, alisema, si wa saa hii. Fundi fulani aliuweka zamani. Akaniuliza kama nataka autafute wa asili au auache. Uso hakutaka kuugusa, ingawa umefifia. Saa nyingi za aina hii zinazouzwa mtandaoni kutoka India zimepakwa uso mpya kwa rangi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitumia, na mnunuzi haambiwi. Kwake yeye huko ni kusema uongo kwa brashi.

Najua mwanafunzi wangu atauliza: simu inataja saa, haya yote ya nini? Ni kweli. Tangu Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwazi, tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kamani haikuwa tena na hoja ya usahihi. Mtambo wa baba hupiga mara 21,600 kwa saa, ilhali kipande cha kwazi hutetema mara 32,768 kwa sekunde moja. Sigombei usahihi.

Ninachogombea ni mahali pa mtu huyu katika hesabu za taifa. Nimeona, katika vyuo nilivyopitia, hadubini zikikaa stoo miaka kwa kukosa skrubu moja au gurudumu dogo la meno, hadi zikafutwa katika orodha ya mali na kununuliwa mpya. Mikono inayoweza kuzitengeneza ipo barazani Ngamiani. Lakini ununuzi wa umma sasa hupitia mfumo wa NeST. Fundi huyu hamo humo, wala hana mashine ya risiti. Mkuu wa idara anayetaka kumlipa kazi ya nusu siku anajitafutia hoja ya ukaguzi. Akiagiza hadubini mpya kutoka ng'ambo, karatasi zake zote zitakuwa safi. Ndugu zangu watumishi wa umma wanaijua karaha hii kuliko mimi.

Wala si kwetu tu ambako mlango wa matengenezo unafungwa. Mwishoni mwa 2015 Swatch Group ya Uswisi iliacha kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla wa Uingereza, na mafundi wa kujitegemea wakabaki wakitafuta saa mbovu za kuchinja. Yaani wakabaki na makopo.

VETA inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ningependa kuona mtahini akiketi barazani hapo, akampima mzee huyu na kumpa cheti ambacho idara ya manunuzi itakisoma. Halmashauri nayo iandae kipengele cha matengenezo madogo ambacho fundi asiye na kampuni anaweza kulipwa. Na haraka ifanyike, kwa sababu mzee hana mwanafunzi. Nilipomuuliza kopo litakwenda kwa nani, alijibu kwamba wanunuzi wa chuma chakavu hupita kila Jumamosi.

Nimekubaliana naye niwatume wanafunzi wawili wakati wa likizo, na daftari na kamera, waorodheshe kilichomo: namba za mitambo, vilivyo hai na vilivyokufa, kipi kinakubali kuvaa cha mwenzake. Ameweka sharti moja, wasiguse kitu kwa vidole vyenye jasho.

Saa ya baba inatembea. Inachelewa dakika nne kwa siku, na ameniambia niirudishe baada ya wiki.