Jicho la Mtumba
Mtu akimaliza wikiendi ya Julai akipekua maduka ya nguo kuukuu katika vijiji vya Uingereza, husifiwa kuwa ana jicho. Akiinamia mtumba Nansio, saa tatu na ushei za meli kutoka Mwanza, huambiwa hana uwezo. Jicho ni lile lile. Mteja wa Nansio hugeuza kola, huvuta mshono wa kwapa, hupandisha zipu mara mbili, ndipo aulize bei. Wapo wasemao mitumba ndiyo iliyoua viwanda vya nguo kama Mwatex. Haikusaidia, kweli, ila viwanda vile vililemewa pia na mitambo chakavu na uhaba wa vipuri. Tena kuipiga marufuku mitumba si kazi ya siku moja: mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipanga kuachana nayo ifikapo 2019, Rwanda ikakaza ushuru, na 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru ya kuuza mavazi huko. Tofauti ya mnunuzi wa Uingereza na wa Nansio, basi, haimo katika ladha, imo katika mwelekeo: koti likimchosha Mwingereza hutumbukizwa katika sanduku la hisani, hufungwa robota, huletwa, likituchosha sisi, huwa tambara la kudekia.